Swali Kutoka Safu ya Nyuma

Foleni ya benki ilikuwa imezunguka nguzo, na kiyoyozi kinakohoa tu. Fundi miwani, kijana nadhifu aliyepiga pasi mpaka vifungo, alihisi ubaridi shingoni. Akapapasa. Konokono!

"Usimfinye, kaka!" alisema dada aliyekuwa nyuma yake, gauni la maua, raba zenye matope, kopo wazi mkononi. "Huyo ndiye udaktari wangu."

Wakaanza kuwaokota pamoja wengine waliotoroka kopo. Wa mwisho walimkuta dirishani kwa keshia, kawatangulia wateja wote. Atakayebisha akamwulize mlinzi.

Siku hizohizo simu zikaanza.

"Huo udaktari unapatikanaje?"

"Unasoma, unahojiwa kwa mdomo, unafanya utafiti wako, unachapisha makala. Halafu unaitetea tasnifu mbele ya watahini wanne, mmoja wao wa idara nyingine. Na yeyote aliye ukumbini anaruhusiwa kuuliza."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, kipofu wangu."

"Kipofu mwenye duka la miwani, laazizi!"

Konokono wa dada, wale wa mitaani, walikuwa na magamba meupe, ndugu zao wa msituni meusi. Alitaka kujua kama joto la mji ndilo lililowabadilisha, kizazi baada ya kizazi.

Mapenzi yakanoga. Siku moja dada alipita dukani kwa fundi, akaona picha ya mama yake ukutani, akamtambua. Mama wa fundi alikuwa profesa wa udongo, yule mtahini wake wa idara nyingine! Na kanuni hairuhusu mtu kutahiniwa na mkwe. Angemwambia fundi? Thubutu! Fundi hata jino likimuuma, mama anajua kabla ya jino la pili.

Jioni fundi akapiga. "Mpenzi, nataka kukuoa."

Dada akajibu: "Usinipigie mpaka nimalize masomo. Na usiniulize kwa nini."

Masikini fundi! Akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, nimeachwa."

"Na nani?"

Akamwonyesha picha kwenye simu. Mama akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, huyu ninamtahini mwezi ujao. Nilikuwa ninamtahini, niseme."

Kesho yake profesa akajitoa. Mchana simu ya fundi ikalia.

"Umeniharibia! Hakuna wa kuziba nafasi yake mpaka muhula ujao!"

"Sikujua, mpenzi..."

Ikakatwa. Muhula mzima fundi alisaga vioo kimyakimya, na wateja wakaondoka na miwani ya kuonea nyota mchana.

Siku ya utetezi ilipofika, dada alisimama mbele, suti ya bluu, sauti haitetemeki. Watahini wakauliza, akajibu. Mwenyekiti akasema, "Kuna swali ukumbini?"

Mkono ukanyooka safu ya nyuma. Mama mtu! Kando yake fundi alitamani sakafu immeze.

"Binti, umejuaje kwamba weupe huo ni wa kurithi? Pengine ni jua tu limewababua."

Hapo shahada ingeanguka au ingesimama.

"Nimewafuga wote chumba kimoja, Profesa, joto moja, chakula kimoja. Wajukuu wa konokono wa mjini wamezaliwa humo, jua hawalijui, na bado ni weupe."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ningebaki pale mezani, watu wangesema nimekubeba. Mimi nimeridhika."

Alipotangazwa daktari, fundi alimfuata kwenye ngazi, jasho linamtiririka.

"Nisamehe. Nilikuchelewesha."

"Mwanamume wewe! Ulipomwaga siri yangu nilikuwa na watoto wa konokono tu, wajukuu hawajatotolewa. Bila huo muhula, mama yako angenitafuna leo mbele za watu."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nina njaa, na viatu hivi vinaniua. Ile ndoa bado unaitaka?"

"Bado."

Daktari akavua viatu, akampa avibebe. "Basi twende tukamwambie mama, kabla hujanitangulia."