Waya Uliozunguka

Mama Kopi alikuwa na duka la kutoa nakala na kupiga simu za video. Jina hilo alibandikwa na wateja, likamganda. Asubuhi ile hakupokea mteja. Kaka yake, dereva wa malori, alikuwa mahututi katika hospitali ya mbali. Alitaka kumwona mama yao kwa simu ya video.

Mama alifika dukani mapema. Hakuweza kukaa bure. Alifagia, akapanga viti, akapangusa meza.

"Mwanangu asione uchafu," alisema.

Muda wa simu ulipofika, kompyuta zote zilikwama. Mama Kopi alizizima, akaziwasha. Wapi. Kampuni ya intaneti ilimwambia laini yao ni nzima.

"Subiri kidogo, mama. Itarudi."

"Nasubiri," alijibu mama, ameikodolea macho skrini tupu.

Haikurudi. Mwishowe Mama Kopi alikimbia hadi barabarani, ambako simu ya mkononi ilishika mtandao. Muuguzi akapokea.

"Amewasubiri sana," alisema. "Sasa hasikii tena. Poleni."

Kaka hakuzinduka. Walimzika.

Baada ya mazishi, duka lilikuwa bado bubu. Jirani yao, fundi mitandao, alikuja kutoa pole, akaomba aangalie. Aliinama kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Taa zake zilipepesa zote kwa pamoja, bila kupumzika.

"Dada, waya huu umechomekwa ncha zote mbili hapa hapa," alisema. "Ujumbe unatokea tundu hili, unaingilia lile, unatoka tena. Unazunguka na kuzaana mpaka njia inajaa. Hakuna kingine kinachopita."

Aliuchomoa. Taa zikatulia.

Mama aliinua uso. "Siku ile nikifagia, ncha moja ilikuwa inaning'inia," alisema polepole. "Nilidhani imechomoka. Nikaichomeka."

Mama akajifunika uso kwa viganja.

"Kumbe ni mimi. Nimemnyima mwanangu kuniona."

"Hapana, mama," alisema fundi. "Yeyote angeichomeka. Swichi hii ina kinga ya mzunguko, ila aliyefunga swichi hakuiwasha kinga hiyo."

Mama hakusikia, au hakutaka kusikia.

Fundi alifungua mipangilio ya swichi kwenye kompyuta, akamwita Mama Kopi.

"Washa hapa, kwa matundu yote. Swichi itakuwa inatuma ujumbe wake mdogo. Ujumbe huo ukiirudia, itajua kuna mzunguko, itafunga tundu hilo tu. Mengine yataendelea. Halafu hifadhi. Usipohifadhi, umeme ukikatika kinga imepotea."

Mama Kopi aliwasha, akahifadhi. Fundi akachomeka tena ule waya kwa makusudi. Taa ya tundu moja ikageuka nyekundu. Kompyuta hazikukwama. Akautoa.

"Na waya usio na kazi usiuache hapa," alisema, akauviringisha.

Mama Kopi alitikisa kichwa kukubali. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo namna hiyo.

Miezi ikapita. Siku moja mteja aliyeleta kompyuta yake alichomeka waya ncha zote mbili kwenye swichi. Taa moja ikawa nyekundu. Kwenye kona, mzee mmoja alikuwa akiongea na binti yake aliye mbali. Mazungumzo hayakukatika. Mama Kopi aliuchomoa waya.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akisikiliza.

"Wamemaliza kuongea?" aliuliza baadaye.

"Wameagana vizuri, mama."

"Haya," alisema mama, akageuza uso asionekane akilia.