Ufa Ulioachwa Bila Kuita

Kilichomshtua Aanchik kwanza ni kikohozi. Kilitoka upande wa ukuta wa kaskazini, kikavu, kama cha mtu aliyejizuia akashindwa. Mumewe, Uybaan, alikuwa mbele yake anakunywa supu. Mama mkwe wake, Ogdo, alikuwa anakamua katika zizi lililoungana na nyumba. Mtoto alikuwa ndani ya susu, kitanda chake cha kuning'inia, na mtoto wa miezi miwili hakohoi hivyo.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Ng'ombe huyo," Uybaan akasema, lakini kijiko kilikuwa kimesimama mkononi.

Kwa Wasakha, watu wa nchi ya barafu, nyumba haifungiwi baridi hivi hivi tu. Kuta unazikandika kwa mavi mabichi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, kila moja ligande kwanza. Madirishani unasimamisha mabamba ya barafu ya ziwani. Na kabla ya kuziba ufa wa mwisho, mnatoka nje wote, moto mnauacha unawaka, na mkubwa wa nyumba anaita mlangoni: asiye wetu na atoke. Maana si binadamu peke yao wanaokimbia baridi. Mwaka ule baridi iliwahi, mavi yakawa yanagandia kwenye beleshi, na Uybaan, na haraka zake zile, akaziba ufa bila kuita. Mama yake alimwonya.

"Mama, jini gani ataivumilia harufu hii?" akajibu, na wakacheka wote, Aanchik naye akacheka.

Sasa hakuna aliyecheka. Harufu ya mavi ilikuwa imeshaganda na kwisha, ikaja nyingine, ya manyoya mabichi yaliyofukiwa muda mrefu. Ng'ombe wakakataa kulala upande wa kaskazini. Na kikohozi kikahama, leo nyuma ya kuni, kesho chini ya benchi, keshokutwa karibu na moto, kila mara kikisogea kidogo kumwelekea mtoto, na Aanchik akihamisha susu kutoka pembe hii kwenda ile, na pembe za chumba kile zilikuwa nne tu, na kila alipolitundika alikisikia kinaanza tena upya, kwa subira, kama mtu mwenye wakati wote wa dunia.

Bibi Balbaara mganga akaletwa kwa mkokoteni wa theluji mchana kweupe. Alinusa tu, akakaa.

"Mtoe basi, bibi," Uybaan akasema. Sauti yake ilikuwa imenywea.

"Nimtolee wapi? Hawa hupita ufani, si mlangoni, na nyumba mmeifunga, tena mmeifunga vizuri. Kumtoa ni kubomoa ukuta na kuzima moto kutwa nzima. Mtoto huyu ataiona jioni?"

"Nikimpeleka kwa jirani?" Aanchik akauliza.

"Jirani yako yuko ng'ambo ya maziwa mawili. Mate yanaganda kabla hayajafika chini, mwanangu. Hicho kifua kitaganda njiani." Akaanza kufunga kofia yake. "Ngojeni barafu ivunjike. Mpaka hapo ni mgeni wenu. Mtandikieni karibu na moto, mpeni siagi. Labda atawastahi."

"Mgeni siku mbili," Ogdo akasema kwa uchungu. "Huyu tunaye mpaka masika."

Wakamtandikia ngozi ya ng'ombe, safi, wakamwekea siagi kwenye bakuli la gome. Asubuhi ngozi haikuwa na hata mkunjo, na siagi ilikuwa nzima. Aanchik akajipa moyo. Alikuwa anaponda barafu ya maji ya chai aliposikia mtoto anacheka.

Mtoto hakuwa amewahi kucheka. Kwa majuma mama yake alikuwa akimkunjia uso, akimpulizia tumboni, akikingoja kicheko kile kwa hamu. Susu lilikuwa linapembea polepole, na macho ya mtoto yalikuwa yanafuata kitu hewani juu yake.

Akamnyakua. Mtoto akalia, akalia mpaka pumzi ikakatika na midomo ikawa ya bluu, na titi akalikataa, na Aanchik asijue afanye nini.

"Mrudishe, mwanangu," Ogdo akasema kwa sauti ya chini, machozi yakimtoka. "Mgeni asije akaudhika."

Aanchik akautazama mlango. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Kisha akamlaza mwanawe susuni, taratibu, na kilio kikakoma papo hapo.

Akasimama pembeni, mwanawe akichekeshwa.