Toa Moja Kwanza

Wenzangu, sogeeni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Frankline, mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, hapa Awendo. Ilikuwa nyumba tulivu. Mkewe Irine alifanya kazi naye dukani, na mama mzazi wa Frankline, Dani Helen, yaani Bibi Helen, alikaa mlangoni akichambua maharagwe na kusalimia wapita njia, hata wale aliokwisha kuwasalimia, kwa maana kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka.

Frankline alikuwa hodari, lakini haambiliki. Mteja akilalamika kwamba picha imetoka nyeusi, alijibiwa, "Kwa skrini iko sawa. Shida ni macho yako." Irine alichoka kumweleza kwamba skrini inawaka yenyewe kama taa, lakini karatasi haina mwanga wake, inauazima, tena kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii.

Jumatatu moja Dani Helen aliondoka pale mlangoni, asirudi.

Frankline alishikwa na kiwewe. Simuni alikuwa na picha ya mama akitabasamu katika gauni lake la buluu, lile lile alilovaa asubuhi hiyo. Akaamuru printa itoe matangazo mia mbili.

"Baba Liz, toa moja kwanza tuiangalie nje," Irine alimsihi mumewe.

"Mama amepotea, na wewe unaniletea majaribio!"

Yalitoka uso ukiwa giza tupu, gauni limegeuka zambarau. Irine alipolishika moja juani alilia, "Huyu si Dani!"

"Namba ya simu inasomeka," Frankline akajibu, akawagawia watu wa bodaboda wayabandike kila soko. Hakuwa mwongo. Kila alipolitazama aliiona ile picha ya simuni. Ndivyo tulivyo, tunaona tunachokijua.

Siku tatu simu haikulia. Siku ya nne Irine hakuomba ruhusa. Aliiongezea picha mwanga, akatoa moja, akaitazama juani, akairekebisha tena, kisha akaenda nayo Uriri, mji jirani. Roseline, muuza uji sokoni, aliitupia jicho mara moja tu. "Huyu? Si yuko kwangu!"

Irine alimpigia simu Frankline, naye akafika mbio kwa Roseline. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa leso.

"Amekaa hapa tangu Jumanne, hata jina amesahau," Roseline alisema. "Hiyo karatasi yenu iko hapo juu ukutani, naiona kila siku. Ni mama mweusi, nguo zambarau. Huyu wangu amevaa buluu, sasa ningejuaje? Jana mvua ilinyesha, akateleza mtaroni, mguu ukavunjika."

Frankline alilibandua lile tangazo. Mama akalitazama kwa huruma.

"Nyathina, mwanangu, huyu ni nani? Watu wake wanamtafuta?"

Dani Helen yu hai, lakini hajakaa tena pale mlangoni.

FUNZO

Kinachong'aa mbele yako si lazima kimfikie mwenzako kiking'aa. Kabla ya kutoa mia, toa moja, uipeleke juani, umpe mtu mwingine akuambie anaona nini. Tena umsikilize. Mkuu wa jambo ni yule anayelijua, hata akiwa mke wako. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Frankline anatembea vizuri. Guu lililovunjika ni la mama yake.