Makomeo ya Chumba cha Nyuma

Haya yalimpata mfamasia mmoja, mwanamke makini, mtu wa kufunga mlango, kuondoka, kisha kurudi kuujaribu tena. Duka lake la dawa halijawahi kuibiwa hata plasta. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alipenda kumtania kwamba siku akifa atauliza kwanza funguo za jeneza anakaa nazo nani. Basi walipofanikiwa kununua nyumba yao wenyewe, mwenzetu hakuwaza mapazia wala rangi. Aliwaza ulinzi.

Aliyewauzia alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mpole, wa maneno machache. Hakuwavuta wala hakuwazungusha. Alichotaka ni kuhama upesi akakae kwa binti yake. Hilo lilimkera kidogo mfamasia, maana kwake mtu asiyebishana ana lake jambo. Akaleta fundi wa kukagua ukuta, paa na mabomba. Hakuonekana ufa. Wakahamia.

Jumapili ya kwanza wakakaa sebuleni katikati ya maboksi kujadili ulinzi. Dereva alitaka mbwa. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, akauliza uchafu wa mbwa atafagia nani; yeye alitaka mlinzi, binadamu wa kusalimiana naye. Mabinti wao wawili walitaka kamera ili wajione kwenye simu. Mfamasia akawasikiliza wote, kisha akafanya alichokuwa ameshakiamua: kamera getini na mlango wa mbele, king'ora, na sensa za kuhisi mwendo koridoni na getini. Ila kwa kuwa fundi wa kamera alikuwa na kazi nyingi, mlinzi angeajiriwa kwa muda. Mbwa akakosa kura.

Fundi alikuja kwanza kupima. Akapita chumba kimoja baada ya kingine, akiimba puani, hadi alipofika chumba cha nyuma. Akanyamaza.

"Mama," akasema, "hili komeo liko nje."

Kweli. Komeo nene la chuma lilikuwa upande wa koridoni. Na mabawa ya mbao ya dirisha yalifungwa kwa nje vilevile. Fundi akacheka, akasema aliyefunga siku hiyo labda alikuwa amekunywa. Mfamasia akacheka pia, nusu. Chumba kile alikuwa amempangia mama mkwe kwa sababu kiko karibu na bafu, na mtu mzima lazima aweze kujifungia mwenyewe. Akaagiza makomeo yote yahamishiwe ndani.

Fundi alipoufungua mlango wote kufanya kazi hiyo, mfamasia aliona mbao ya upande wa ndani. Haikukwaruzwa. Ilikuwa imelainika mahali pamoja, usawa wa kifua, kama mbao iliyopapaswa kwa kiganja siku nyingi sana.

Dereva akaondoka na lori lake. Mlinzi akaanza kazi. Mabinti walimwita Kamanda kwa ajili ya kofia yake. Hakuwa na makuu. Lakini haikupita wiki, asubuhi moja mfamasia akitoka kwenda dukani, Kamanda akamsogelea na kuinamisha macho.

"Samahani mama. Yule mgeni wa Bibi, akitaka kutoka, nimfungulie au nikuulize kwanza?"

"Mgeni gani?"

"Yule mama. Anayesimama dirishani kwa Bibi."

Mfamasia akatoka getini. Njia nzima aliligeuza neno lile. Kwanza alimshuku Kamanda mwenyewe, kwamba anachunguza nani analala wapi ili awauzie wezi. Kabla ya mwisho wa wiki akamwachisha kazi. Ila neno halikuondoka naye.

Sasa, yeye na mama mkwe hawakuwahi kugombana. Waliishi kama watu wa ofisi moja: habari za asubuhi, chakula tayari, usiku mwema. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameingiwa na ukungu, akiona watu kama vivuli, kwa hiyo muda mwingi alikaa chumbani kwake. Mfamasia alikuwa hajawahi kuketi naye mle hata mara moja. Kazi nyingi, alijiambia.

Adhuhuri moja alipita koridoni na kapu la nguo akasikia mama mkwe akiongea taratibu. Akanyamaza. Kisha akacheka, kama mtu aliyejibiwa.

Mfamasia akasukuma mlango. Mama mkwe alikuwa peke yake, ameketi kitandani. Hakuketi katikati. Alikuwa amejisogeza pembeni, amemwachia mtu nafasi.

Tangu hapo shaka ikaota mizizi. Alianza kupika chakula cha mabinti mwenyewe hata alipochoka. Akawakataza kuingia kwa Bibi. Neno lenyewe hakulitamka, lakini lilimkaa kooni, na mumewe alilisikia hata kwenye simu.

"Unamwita mama yangu mchawi?"

"Sijamwita."

"Bado," akasema dereva, akakata.

Fundi wa kamera aliporudi na vifaa, mfamasia alimvuta pembeni. Akamwomba aweke sensa moja ndani ya chumba cha nyuma, juu ya kabati. Kamera hapana, hata yeye aliona haya kumwekea mzee kamera chumbani. Sensa tu, inayotuma ujumbe kwenye simu kitu kikitembea. Mama mkwe akaambiwa ni kifaa cha kutambua moshi. Akashukuru kwa kujaliwa.

Ujumbe ukaanza kumiminika. Dukani, akiwa anahesabu vidonge vya mteja, simu inatetemeka: mwendo, chumba cha nyuma. Tena. Tena. Mtu mmoja asiyeona vizuri, anatembea hivyo anaenda wapi? Siku moja akashindwa kuvumilia. Akafunga duka, akarudi nyumbani, akasimama mlangoni kwa mama mkwe.

"Mama, kama hutaki kuishi na mimi, sema. Usituletee mambo humu ndani."

Mama mkwe aliinua uso wake wenye ukungu. Alionekana kuchanganyikiwa kabisa.

"Mambo gani tena, mwanangu? Si jana tu tulikuwa tunacheka?"

Mfamasia hakuwa amecheka naye jana. Hakuwa amecheka naye mwaka ule wote. Akaona anadhihakiwa, akaubamiza mlango.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya mama mkwe kliniki ya macho. Miadi ni miadi, na dereva hayupo, kwa hiyo mfamasia akampeleka. Mabinti walikuwa shule. Alifunga mlango wa mbele, akaondoka, akarudi kuujaribu, akawasha king'ora. Wakakaa kwenye benchi la kliniki, bega kwa bega, kila mmoja na kimya chake.

Simu ikatetemeka.

Mwendo, chumba cha nyuma.

Mfamasia akageuka. Mama mkwe alikuwa hapo hapo, pochi mapajani, akisubiri kuitwa.

Simu ikatetemeka tena.

Akafungua kamera ya getini. Geti limefungwa. Akafungua ya mlango wa mbele. Umefungwa. King'ora cha koridoni kimya. Hakuna aliyeingia. Kilichokuwa kikitembea kilikuwa ndani tangu mwanzo.

Akauliza kwa kunong'ona, bila kumtazama, ni nani huwa anaongea naye mle chumbani.

Mama mkwe akamgeukia.

"Si wewe?" akasema.

Mfamasia akaiweka simu chini.

"Unakuja mchana," mama mkwe akaendelea, polepole. "Unaketi hapo pembeni ya kitanda. Huongei sana. Mikono yako baridi, nikadhani ni ya kazi. Nikasema moyoni, afadhali, mkwe wangu amenizoea. Nilifurahi sana, mwanangu."

Muuguzi akaita jina. Hawakuinuka.

Hawakulala nyumbani siku ile. Waliwapitia mabinti shuleni, wakaenda kwa dada yake mfamasia, wakasema kuna bomba limepasuka. Njiani mfamasia aliushika mkono wa mama mkwe, na mama mkwe kwanza akashtuka. Kisha akasema, "Huu una joto." Akaanza kulia kimya kimya.

Dereva alipopigiwa simu hakubisha safari hii. Akamtafuta yule mzee mjane, na kesho yake asubuhi mzee akafika, ameegemea mkongojo, shati limepigwa pasi. Mfamasia na mama mkwe walimngoja getini. Hakuuliza kuna nini. Aliingia moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akaligusa komeo lililohamishiwa ndani, akatikisa kichwa.

Mfamasia akamuuliza kama aliyaweka yale makomeo nje wakati mkewe anaumwa.

"Hapana," akasema mzee. "Baada ya kumzika."

Akawaomba wamwache. Akaingia, akarudisha mlango. Wakiwa sebuleni walisikia sauti yake tu, ya chini, kama ya mtu anayeomba radhi. Ilichukua muda. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, na akasema wasihangaike tena na makomeo. Wakamkaribisha chai. Akakataa, akasema, "Tunasubiriwa nyumbani." Wakadhani ameteleza ulimi, uzee. Akatoka uani mwenyewe, hakutaka kusindikizwa.

Na kweli, chumba kikatulia. Mabinti wakarudi, dereva akarudi. Sensa ikakaa kimya mle ndani isipokuwa mama mkwe akijigeuza. Mfamasia akawa kila mchana anafunga duka kidogo, anakuja kuketi pembeni ya kitanda, wanaongea. Alikuwa amejifunza jambo, na jambo lilikuwa limemuuma.

Ndipo ikaja simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka. Binti yake yule mzee. Alianza kwa salamu ndefu. Kisha akasema anashukuru kwa msaada, lakini angependa kujua yule muuguzi waliyemtuma na baba yake ataondoka lini. Anakaa na mzee chumbani mchana kutwa, mlango umefungwa kwa ndani. Hali chakula. Na sasa mzee naye haji tena mezani.

"Hatukumtuma mtu," mfamasia akasema.

Upande wa pili simu ikawekwa chini. Kwa mbali ukasikika mlango ukigongwa, na yule binti akiita baba, baba. Simu ikakatika. Walipopiga tena haikupatikana.

Wakakaa wote watatu, yeye, dereva na mama mkwe, kitandani kwa mama mkwe, wakatafuta kwenye simu video za kamera ya getini, za asubuhi ile mzee alipoondoka. Anaonekana anavuka uani peke yake. Anafika getini, anafungua. Hatoki. Anasogea pembeni, analishikilia geti kwa mkono mmoja, na mwingine ameunyoosha mbele, kiganja juu.

Taa ndogo ya sensa ya geti, ile inayowaka mtu akipita, ikawaka. Hakuna mtu.

Ikazimika. Mzee akapita. Ikawaka tena.

Dereva akaongeza sauti, akarudisha nyuma. Geti lilisikika likilia, kisha mzee, kwa upole wa mtu aliyezoea: "Taratibu. Kuna ngazi hapo."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Hapendi ngazi," akasema. "Aliniambia magoti yanamuuma."

Mfamasia aliizima simu. Alitaka kuuliza ni nini kingine alichoambiwa, siku zote zile, mchana kutwa. Hakuuliza.