Redio ya Darini

"Mum, he's doing it again!" Rehana alisema, akaongeza sauti ya redio jikoni.

Gitaa la zamani lililia kwa muda mrefu, kama mtu anayeita na haitikiwi. Kisha sauti ya Hafidh ikaingia juu yake, nzito, ya kubembeleza:

"Muziki wa mahipi huo, wapenzi, enzi za nywele ndefu na suruali za bugaluu. Salamu zangu zimfikie mmoja hapo mtaa wa Kingstanding, aliyemaliza eda wiki hii. Ujumbe: nimengoja kwa adabu, sasa nangoja jibu."

"Zima," nilimwambia mwanangu.

"Everyone knows it's you."

"Zima, Rehana."

Simu ikatetemeka mezani.

*Umenisikia, Saleha? Kesho baada ya Alasiri nakuja. Nataka jibu kinywani mwako.*

Niliandika neno moja: *Njoo.*

Redio ile inarusha matangazo bila leseni. Mume wangu, Ameir, aliianzisha darini kwetu pamoja na rafiki yake Hafidh, kwa ajili ya muziki huo tu. Alipokuwa kijana Unguja alikamatwa njiani akanyolewa kwa nguvu kwa sababu ya nywele zake, na alipenda kusema kwamba Birmingham hakuna wa kumshika kichwa. Usiku mmoja wa mvua, mimi na Rehana tukiwa tumelala Great Barr kwenye harusi, alipanda paani kurekebisha antena akaanguka. Jirani yetu Gurdev alimkuta bustanini asubuhi. Daktari alisema hakufa papo hapo.

Hafidh alituambia usiku ule alikuwa Leicester, mji mwingine. Alilia kwenye maziko mpaka watu wakamshika. Baadaye mitambo ikawa kwake, Winson Green, na mimi sikuuliza imefikaje huko.

Swali langu lilikuwa jingine, na lilinikosesha usingizi eda nzima. Ameir aliondoka na shahada mdomoni, au aliondoka hivi hivi?

Siku ya pili Hafidh alikuja ananukia udi, ndevu zimetiwa hina.

"Leo nimekaribishwa ndani! Eda nzima nazungumza na mlango wako, shemeji. Mpaka umeanza kunizoea."

"Mlango una subira."

"Kuliko mwenyewe?"

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba, na nikajishtukia, kama nimevunja kitu ndani ya nyumba ya watu. Mtu huyu nilikuwa nimeanza kumpenda. Niandike ukweli.

"Basi sema," akanisogelea kidogo. "Unanitaka, hunitaki?"

"Nakutaka. Lakini siwezi, Hafidh."

"Kwa nini?"

"Moyo wangu uko pale bustanini. Mtu wangu alikufa kwenye matope, peke yake, hapana hata wa kumtamkisha shahada. Ukinioa nikiwa hivi, utakuwa umeoa maiti."

"Usijitese. Alitamka."

"Kila mtu ananiambia hivyo. Wananipoza."

"Mimi sikupozi, wallahi. Alitamka, Saleha. Mara mbili. Mara ya pili pumzi ilimkatikia katikati, akamalizia kwa kidole."

Akainua kidole chake cha shahada kunionyesha.

Kidole kilibaki juu, kisha akakikunja upesi kiganjani, na hapo nikajua kwamba na yeye amesikia alichosema.

"Ulikuwa Leicester," nilisema.

"Saleha..."

"Ulikuwa wapi, Hafidh?"

"Nilishika ngazi."

Rehana alitokea mlangoni. Hakuna aliyemtazama.

"Nilishaonywa mahakamani," Hafidh alisema. "Wangenikuta tena na mitambo wangenifunga. Nikaona niiondoe kwanza, halafu nipige simu."

"Ukapiga?"

Akainama.

"Nakuuliza, ukapiga?"

"Nilifika nyumbani nikaogopa. Nilijiambia ameshakufa."

"Ulimwacha kidole kiko juu."

"Nilikupenda hata yeye akiwa hai! Ningenyamaza usingejua milele. Nimesema ili upumue."

"Nimepumua."

Alinyanyuka, akatafuta viatu vyake kama kipofu.

"Shall I ring the police, Mum?" Rehana aliuliza. Simu ilikuwa mkononi tayari.

"Piga."

"Kwa ajili ya Ameir, Saleha, niache niende."

"Kwa ajili ya Ameir, kaa. Safari hii utangoja mpaka waje."

Akakaa.

Niliingia chumbani nikatandika msala. Eda nzima nilimwombea mume wangu nikiwa na shaka. Jioni ile nilimwombea bila shaka yoyote, na mtu aliyeniondolea shaka alikuwa sebuleni kwangu, analia, anasikiliza gari likiegeshwa nje.