Babu Ana Jiko Lake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shiori alivuka ua kumpelekea babu yake gazeti. Kutoka nyumba kubwa hadi kijumba cha babu zilikuwa hatua kumi na tisa, na mwezi ule wa Machi zote zilipita katikati ya kuta mbili za theluji zilizomfika mabegani. Babu Kyuzo alikuwa ameshaweka samaki jikoni. Alijengewa jiko na bafu lake miaka miwili iliyopita, baada ya kulalamika mno kwamba supu ya miso, ile ya soya, inayopikwa nyumba kubwa haina chumvi.

"Dada yako ameamka?" babu aliuliza.

"Ameamka. Anapiga mswaki huku anacheka peke yake."

"Mwache acheke. Gari la kwanza hununuliwa mara moja."

Ilikuwa Jumamosi, na shule ilikuwa na masomo ya nusu siku. Manami, dada yake Shiori, alikuwa na miaka kumi na minane na leseni ya wiki tatu. Tarehe mosi Aprili angeanza kazi katika makao ya wazee upande wa pili wa mlima. Zamu ya kwanza ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza lilipita saa mbili. Mkuu wa makao alikuwa amesema wazi: uje na gari lako, au uhamie bweni la wafanyakazi. Baba yao alifanya kazi mbali, mjini Sendai, na kurudi mara moja kwa mwezi, na mama, aliyekuwa mpishi hospitalini, alirudi jioni. Manami akihamia bwenini, Shiori angekuwa anafungua mlango wa nyumba tupu kila siku. Kwa hiyo yeye, mwenye miaka kumi na miwili, alilitaka gari lile pengine kuliko dereva wake.

Saa nane mchana walikuwa kwenye uwanja wa fundi Nitta, aliyetengeneza magari, akauza yaliyotumika, na pia kuwakatia watu bima. Vigari vidogo vyenye namba za manjano vilipangwa kama mikate. Manami alikwenda moja kwa moja kwenye kimoja cha rangi ya waridi.

"Hiki, fundi. Ni kizuri, tena bei rahisi."

"Uzuri umeuona. Sasa chuchumaa."

Fundi alimulika tochi chini ya gari. Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu, na ubavu wa fremu ulimeguka kama biskuti alipougusa kwa bisibisi.

"Limekaa mji wa pwani, kisha likaja kukanyaga chumvi tunayomwaga barabarani wakati wa theluji," alisema. "Hili nitalikata spea. Lile la kijivu pale lina miaka kumi na miwili na kiti kimechanika, lakini chini ni safi. Magurudumu yote manne yanavuta, na ukaguzi wa serikali una mwaka mmoja na nusu mbele."

"Linafanana na friji," Manami alisema.

"Friji haikuachi mlimani."

Manami alicheka, akaingia kwenye friji yake na kuanza kuizungusha polepole uwanjani. Shiori alibaki na fundi kando ya meza ya bima.

"Hapa ndipo penye kazi," fundi alisema akivaa miwani. "Kampuni humpa kila dereva daraja, toka la kwanza hadi la ishirini. Mgeni huanzia la sita. Kila mwaka usiposababisha ajali unapanda moja, na bei inashuka. Dada yako ni mgeni, tena kijana. Bima yake ya mwaka itazidi nusu ya bei ya gari."

Shiori aliujua mfuko wa dada yake. Ulitosha gari tu.

"Ila babu yenu ameacha kuendesha, na yuko daraja la ishirini," fundi aliendelea. "Anaweza kumwachia daraja hilo mjukuu anayeishi naye nyumba moja. Kale kajumba kake ka nyuma, kana jiko? Kana bafu? Kama kana vyake, kampuni huhesabu nyumba mbili."

"Hakana," Shiori alisema upesi. "Anakula kwetu."

Fundi aliandika.

Siku mbili zilizofuata Manami aliimba hadi mama akamwambia aende kuimba uani. Shiori hakuimba. Asubuhi ya Jumapili alipovuka ua na kuona mvuke ukitoka dirishani kwa babu, aliliacha gazeti mlangoni akarudi.

Jumatatu jioni fundi Nitta alikuja na fomu. Babu alivuka ua na ndala zake, amebeba sahani ya samaki aliowachoma mwenyewe, akaketi na kutoa mfukoni muhuri wake mdogo wa jina, unaogongwa badala ya saini.

"Nigonge wapi?"

"Hapo chini, mzee. Panaposema kwamba wewe na Manami mnaishi nyumba moja, na kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli."

"Ua mmoja, nyumba moja," babu alisema, akaubonyeza muhuri kwenye wino mwekundu.

Shiori alitazama ule muhuri. Jina lililochongwa pale lilikuwa la babu, si lake.

"Babu, usigonge," alisema. "Nilimdanganya fundi. Nilimwambia huna jiko."

Babu alitazama sahani. "Na hawa samaki nimewachomea wapi, kwenye redio?"

Hakuna aliyecheka. Mama aliweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Shiori, kwa nini?" Manami aliuliza. "Sasa nitafanyaje? Zimebaki wiki mbili."

"Sikutaka uende bwenini."

Fundi Nitta aliikunja fomu mara mbili, akaichana na kuweka vipande mfukoni. Kisha akamgeukia mama.

"Wewe umeendesha miaka mingapi bila ajali?"

"Kumi na mmoja."

"Basi uko daraja la kumi na saba, na Manami analala chini ya paa lako. Mwachie yeye daraja lako. Wewe uanze upya kwa gari lako. Kwa kuwa litakuwa gari la pili la nyumba hii, utaanzia la saba. Utalipa zaidi ya ulivyozoea, lakini kwa umri wako nyongeza si kubwa. Mkijumlisha bima zote mbili, ni nafuu sana kuliko yeye kuanzia la sita. Ni halali, na watu hufanya hivyo kila mwaka."

Mama alifikiri kidogo. "Lete fomu," alisema.

Fundi alipokuwa akijaza upya, alizungumza bila kuinua kichwa. "Shiori, karatasi ya bima haisomwi siku ya kugongwa muhuri. Leo hakuna mtu wa kampuni ambaye angekuja kuchungulia jiko la babu yako. Wangekuja siku Manami amemgonga mtu. Wangelikuta jiko, na wangeweza kukataa kulipa, huku mtu yuko hospitalini. Dada yako angeendesha akidhani ana bima, kumbe ana karatasi tu."

"Samahani, fundi," Shiori alisema. "Samahani, babu."

"Nimesikia," babu alisema, akiufuta muhuri wake kwa leso.

Fundi alimsogezea mama fomu, naye akagonga muhuri wake. "Jambo moja zaidi," fundi alimwambia Shiori. "Jumamosi ungesema kweli, ningekuonyesha njia hii palepale, na ungelala usingizi siku mbili. Ukiulizwa, sema jambo lilivyo, halafu uliza kama kuna njia nyingine. Ukishadanganya, anayeweza kukusaidia hana tena sababu ya kuitafuta."