Kamera ya Visogo

Nilikwenda kununua kamera kwa sababu ya Bisoye, na sioni haya kulisema hilo.

Tulijifunza kusuka kwa mwalimu mmoja, hapa hapa Mokola, Ibadan. Lakini Bisoye alinunua kamera, akaweka ubao wa picha mbele ya kibanda chake, ng'ambo ya njia, na wateja wangu wakaanza kuvuka. Baadaye wakipita kwangu walijifunga vilemba hadi kwenye nyusi. Nikajua wananificha kazi yake, makusudi. Roho iliniuma hata ugali wa amala haukunipita kooni.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa mzee Alamu, muuza vitu vilivyokwisha kutumika. Mezani palikuwa na kamera kubwa yenye lenzi ndefu, na nyingine ndogo ya kijivu, yenye kitufe kimoja.

"Unapiga nini, mwanangu?"

"Visogo, Baba. Mimi msusi."

"Nyuso hupigi?"

"Nyuso za nini? Nataka mistari ionekane, basi."

Akanisogezea ile ndogo. "Hii inakutosha. Usijitese na makubwa."

Niliinusa. Nywele zilizoungua... Nikadhani ni mikono yangu, maana wasusi tunaunguza ncha za rasta kutwa nzima.

"Zilikuja mbili," alinong'ona akinifungia. "Ya pili imeshakwenda."

Sikuuliza ilikwenda kwa nani.

Kesho yake nilimsuka Mama Dunni, nywele zote zikapanda utosini. Nikasimama nyuma yake. Nikabonyeza.

Mwanga. Halafu ile harufu tena...

Picha ilitoka nzuri kuliko kichwa chenyewe. Nikaisafisha dukani, nikaibandika mlangoni, na kabla ya jua kuchwa wanawake wawili walikuwa wamevuka kurudi kwangu. Bisoye alisimama mlangoni pake akiwatazama. Nilifurahi sana!

Asubuhi iliyofuata, Mama Dunni alikuja sijafungua, kilemba hadi kwenye nyusi, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na msuko wangu, mzima, kila mstari mahali pake. Damu hakuna.

"Nimeukuta juu ya mto," alinong'ona. "Wura, ulinipaka nini?"

Nilimwapia kwamba sikumpaka kitu. Akaondoka akilia.

Nikabaki naitazama kamera. Mtu mwema angeitupa chooni.

Mimi nilitazama ng'ambo.

Nywele za Bisoye zilimfika kiunoni. Hizo ndizo zilizokuwa ubao wake hasa. Wanawake walizishika kabla ya kuketi. Jioni ile alikuwa ameinama, anaokota nywele zilizodondoka. Nikajibanza nyuma ya pazia.

Nikabonyeza.

Hakugeuka. Nilirudi nyumbani nikala amala sahani mbili.

Asubuhi niliamka na furaha. Nikapeleka mkono kichwani nifunge kilemba...

Ngozi tupu.

Misuko yangu ilikuwa juu ya mto, imejikunja, kila mstari mahali pake.

Nilipofika kibandani Bisoye alikuwa ameketi mlangoni pake, na kilemba. Mapajani alikuwa na kamera ndogo ya kijivu, yenye kitufe kimoja.

"Ulinipiga lini?" nikamuuliza.

"Jana mchana, ulipoinama kunawa. Na wewe?"

"Jioni."

Akakikaza kilemba. "Nilivumilia, Wura. Lakini wale wawili walipokurudia, nilishindwa. Wewe ulinishinda tangu kwa mwalimu."

"Na hao wateja wenye vilemba... ulijua hawana nywele?"

Aliigeuza kamera, lenzi ikatazama chini.

Nilimrudia mzee Alamu. Aliniambia kamera zile zilitoka kwa wasusi wawili majirani. Nikamuuliza wako wapi. Akaanza kufunga duka, na jua bado liko juu.

Nywele hazijaota mpaka leo, na wateja hawaji, maana nani atampa kichwa msusi mwenye upara? Tunakuja kila siku hivyo hivyo. Nimegeuza kiti kimwelekee, naye amegeuza chake. Kamera ziko mapajani. Hakuna anayempa mwenzake kisogo: picha ya kwanza ilichukua nywele, ya pili sijui itachukua nini. Nimemwambia tuzivunje, akasema nianze mimi. Nami nimemwambia aanze yeye.

Jioni tunafunga milango kwa wakati mmoja. Kisha kila mmoja anakwenda kwake, kinyumenyume.